Daftari la Wifi

Tarehe 4 Machi

Kwa Dada Mkubwa,

Natumai hujambo. Kama barua hii imechelewa usinilaumu mimi, mlaumu Breki. Kaka yetu siku hizi anaendesha lori utadhani kabeba mayai. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu katika nyumba hii haina siri. Nikisema "halo" tu, wifi anakumbuka kwamba mlangoni kwangu kuna vumbi.

Nina shida ya ngozi, dada. Ilianza wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nimeinamia cherehani, napachika zipu kwenye gauni la bibi harusi, mara kiuno kikaanza kuniwasha pale mkanda wa sketi unapobana. Nikajikuna, nikaendelea na kazi. Kufika saa tisa nilikuwa na mabaka mapajani, tumboni na mgongoni. Yameinuka, mengine madogo kama kifungo cha shati, mengine makubwa kama kisahani cha chai, na yanawasha mpaka nikatamani kujikuna kwa mkasi. Kesho yake asubuhi ngozi ilikuwa safi. Hakuna kovu, hakuna hata alama. Nilidhani nimeota, lakini keshokutwa yake yakarudi, safari hii mikononi.

Tangu hapo yanakuja na kuondoka yapendavyo. Nikimwonyesha mtu asubuhi, mchana hayapo, nabaki kuonekana mwongo.

Sasa nikuambie kinachonikera. Wewe unajua kwamba tangu Breki amuoe wifi na kumleta hapa ni miezi saba. Yeye ndiye anayepika, yeye ndiye anayefua, mpaka shuka zangu anazitoa kitandani kabla sijamwambia. Ukarimu gani huo? Nikitaka kumeza kitu, glasi ya maji imeshafika. Sisemi neno juu ya mtu. Nasema tu kwamba kabla hajaja nilikuwa na ngozi ya mtoto.

Asante kwa vidonge vya mgongo unavyonitumia tangu mwezi wa kwanza. Mgongo ukinishika nameza kimoja, ukizidi nameza viwili, nakaa kwenye cherehani kama msichana. Bila wewe sijui ningefanyaje.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 11 Machi

Kitinda wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama.

Nina miaka kumi na mmoja kwenye duka hili la dawa. Mimi si mfamasia, mimi ni wa kuuza na kufunga bahasha, lakini macho ninayo. Ngozi haichafuki yenyewe. Kuna kitu kinaingia mwilini mwako, na kuna mkono unaokiingiza. Jiulize nani anapika, nani anafua shuka, nani anakuletea maji. Ukipata jina moja kwa maswali yote matatu, huna haja ya mpelelezi.

Sisemi amekufanyia jambo. Nasema fungua macho. Mwanamke wa miezi saba katika nyumba ya watu hawi na haraka ya kufua shuka za wifi yake bila sababu.

Tafuta daktari wa ngozi, aliyesomea ngozi hasa. Zahanati ya hapo kona usiende, watakuambia una upele. Na siku ya kwenda kwa daktari usimwambie mtu, hata Breki, maana Breki hana kifua cha kuhifadhi neno.

Hivi bado wanalala chumba cha dirishani? Kile kilikuwa changu, na lile kabati ni langu. Naulizia tu.

Nimekuwekea pakiti mbili nyingine za vidonge vya mgongo. Shemeji yako anakusalimu sana.

Dada yako


Tarehe 23 Machi

Dada,

Ulisema zahanati ya kona wataniambia nina upele, na mimi kwa kiburi changu nikaenda hukohuko kwanza. Tabibu akaniuliza kama kuna dawa ninayotumia. Nikamwambia mimi si mtu wa dawa. Akautazama mkono wangu, ambao siku hiyo bila shaka ulikuwa safi, akaandika "upele". Akanipa losheni ya kupaka nyumba nzima na kuniamuru nichemshe kila kinachochemshika. Wifi amechemsha shuka siku mbili bila kulalamika. Mtu asiyelalamika namwogopa.

Bibi harusi naye alikuja kujaribu gauni, akanikuta nimepakwa losheni mpaka shingoni. Alipoulizia, wifi akamjibu kwa upole wake ule, "Zahanati wamesema ni upele." Basi yule binti aliondoka na gauni likiwa na mkono mmoja. Wateja wengine watatu wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla ya magharibi. Sasa niambie, ile ilikuwa midomo tu au ilikuwa hila?

Najua ulinikataza kumwambia Breki, lakini nilibanwa. Nilimwomba anitafutie mtaalamu wa ngozi huko njiani anakopita, nikamkataza kuuliza zaidi. Akarudi kifua mbele na anwani ya fundi anayeshona viti vya lori na mikoba. "Kwa ngozi huyu ni kiboko," ananiambia. Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe kukaendelea.

Maana juzi Alhamisi mdomo wangu wa juu ulivimba ukafika puani. Niliogopa, dada. Nilijitazama kwenye kioo cha wateja nikaona mtu nisiyemjua. Wifi alinikalisha kwenye kiti, akawa ananihesabia pumzi. Mdomo ulipoanza kupungua akaingia chumbani kwao, akatoa daftari dogo la bluu chini ya godoro, akaandika. Nilimwona kwenye upenyo wa mlango. Mtu anatoka kukutazama unavyokaribia kufa, kisha anakwenda kuandika. Anamwandikia nani?

Nakutumia lile gauni lako la kitenge, nimelipunguza kiuno. Wifi ndiye aliyelikunja na kulifunga, mimi mikono ilikuwa imevimba.

Kitinda


Tarehe 30 Machi

Kitinda,

Gauni limenikaa vizuri. Nililikung'uta kabla ya kuvaa, maana aliyelifunga simwamini. Sikuona kitu.

Hilo daftari lipate. Mtu anayeandika anakumbuka, na mtu anayetaka kukumbuka ana mpango. Ngoja aende sokoni, uninakilie ukurasa mmoja tu, neno kwa neno. Usilichukue lenyewe, atashtuka.

Je, umewahi kumtajia mtu vidonge ninavyokutumia? Usimtajie. Watu wana maneno. Mara hii sikuvituma, vimeadimika kidogo. Mgongo ukiuma jikande kwa maji ya moto.

Hujanijibu kuhusu chumba.

Dada yako


Tarehe 8 Aprili

Dada Mkubwa,

Nisamehe mwandiko, naandika jicho moja likiwa mlangoni. Nimelipata. Breki hayupo, kwa hiyo barua naipeleka ofisi ya mabasi mwenyewe. Wifi alikwenda sokoni saa tatu, nikainua godoro kama mwizi katika nyumba ya baba yangu. Nimenakili ukurasa wa ile wiki ya mdomo. Soma:

"Jumatatu. Mayai asubuhi. Hakuna kitu.
Jumanne. Samaki mchana. Dawa baada ya chakula. Saa tisa yametoka, mapaja na tumbo.
Jumatano. Samaki tena, makusudi. Hakuna dawa. Hakuna kitu.
Alhamisi. Dawa asubuhi, na chai. Saa tano yametoka, mgongo na mikono. Mdomo.
Ijumaa. Hakuna dawa. Ya jana yamekwisha saa nne.
Jumamosi. Dawa mbili. Saa nane yametoka mwili mzima. Naanza kuamini."

Umeona neno hilo? Dawa. Baada ya chakula, na chai, halafu mbili kwa mpigo. Ameandika kabisa siku anazoniwekea na siku anazoniacha nipumzike, kama mtu anayejaribu sabuni kwenye kitambaa. Na hiyo "makusudi", na hiyo "naanza kuamini". Anaamini nini, dada? Kwamba inafanya kazi?

Nimekaa kwenye cherehani tangu saa nne, sijashona hata mshono mmoja. Chakula cha mchana nimekimwaga. Namsikia jikoni anaimba.

Chumba cha dirishani ndicho wanacholala, ndiyo. Nikikuandikia tena, huenda mambo yakawa mengine.

Kitinda


Tarehe 10 Aprili

Kitinda,

Naandika upesi, basi linaondoka. Acha vile vidonge vya mgongo. Vilivyobaki vitupe. Toleo lile lina kasoro, tumeambiwa dukani linasumbua tumbo. Usivimeze tena hata kimoja.

Kuhusu wifi, fanya unavyoona. Nyumba ni yako.

Dada


Tarehe 24 Aprili

Dada yangu,

Amekwenda. Ni siku ya kumi na moja leo.

Nilimngoja Breki arudi ili asiseme nimemvizia mkewe. Nikaliweka daftari mezani, katikati ya sahani. Wifi alilitazama, hakuruka wala hakukana. Nikamuuliza, "Dawa gani hii unayoandika?" Unajua alinijibu nini? Alisema, "Si hiyo unayokula kila siku, wifi?" Kwa mdomo wake, mbele ya mumewe. Nikamwambia Breki, umesikia? Breki kakitazama kijiko chake. Wifi akaanza, "Da Mkubwa ndiye..." Nikamkata hapohapo. Nilimwambia jina la dada yangu lisipite mdomoni mwake, na kwamba katika nyumba hii tunabaki mimi au yeye.

Alifunga mzigo wake bila kelele. Breki akampeleka kwa shangazi yake, na tangu siku hiyo kaka yako hajanipigia. Akipita na lori anapunga mkono kutoka barabarani kama jirani. Inaniuma, sitakudanganya.

Lakini sikiliza. Siku kumi na moja, dada, sina baka hata moja. Nimekula samaki, nimekula mayai, nimejifunga mkanda. Kitu hakuna. Sasa yeyote atakayeniambia nilimwonea nitamvulia blauzi aone.

Daftari ameliacha juu ya cherehani. Sijui kalisahau au kanitishia nalo. Nimelifungia kwenye kabati lako. Chumba ni kitupu. Kinanuka sabuni.

Vidonge niliviacha kama ulivyoagiza, japo kuvitupa roho haikukubali, kitu cha dada yangu nakitupaje? Nimevihifadhi kwenye kopo la vifungo. Mgongo unaniua, lakini mgongo nimeuzoea.

Kitinda


Tarehe 27 Aprili

Kitinda,

Nimefurahi kwamba ngozi imetulia. Basi yaishe hapo, usimfuate maneno wala usimtangaze mtaani. Hilo daftari lichome, halina faida tena.

Chumba usimpangishe mtu. Nafikiria kuja mwishoni mwa Mei, kupumzika. Huenda nikakaa.

Vidonge nilisema utupe.

Dada yako


Tarehe 3 Mei

Dada,

Hii isome umekaa.

Jumanne nilikuwa na sare ishirini za shule za kumaliza, na mgongo ukanikatikia katikati ya kola. Nikalikumbuka kopo la vifungo. Nikasema, kama ni tumbo basi na liume, nikameza viwili. Saa nne hiyo. Kufika saa saba nilikuwa na mabaka kuanzia nyayo mpaka kisogo, na ule mdomo ukapanda tena. Nyumbani nilikuwa peke yangu. Chakula nilipika mwenyewe, shuka nilifua mwenyewe. Maji nilichota mwenyewe. Nikawa namtafuta wa kumshika, sikumpata.

Jana ilikuwa Alhamisi, siku ambayo daktari wa ngozi huja hospitali kuu. Nilipewa namba arobaini na moja. Na mwili, kwa ukorofi wake, ukawa umesafika wote. Nilitaka kurudi nyumbani kwa aibu. Lakini nilikuwa nimelibeba daftari, dada. Sikulichoma. Nilitaka daktari aniambie ni sumu gani, kisha aniandikie barua ya polisi.

Ni mwanamke, hajafika hata umri wangu, anavua viatu chini ya meza. Nikamwambia, daktari, leo hakuna kitu, lakini naapa kwamba juzi nilikuwa mwili mzima. Akasema, "Usiape, mama. Hiyo ndiyo tabia yake. Baka moja halimalizi siku mahali pamoja. Lingekaa siku tatu hapohapo ndipo ningeshangaa." Nilitaka kulia. Ni mtu wa kwanza aliyeniamini bila kuona.

Akachukua kifuniko cha kalamu, akanichora mstari mkononi, taratibu, bila kunichubua. Tukakaa tunautazama. Baada ya dakika chache mstari ukainuka, ukawa mnene kama uzi wa sweta. "Ngozi yako inaandikika," akasema. Upele sina, wala siambukizi mtu. Mwili ndio unashtuka, unajaza maji chini ya ngozi. Mara nyingine wanapata kinachoushtua, mara nyingi hawapati, na mtu anaishi na ugonjwa huo miezi, kisha unaondoka wenyewe.

Akaniuliza kama natumia dawa. Nikasema hapana, kama nilivyosema zahanati. Akauliza kama ninaandika mahali siku ninazotokwa. Nikampa daftari, nikamwambia ni ushahidi. Alilisoma lote, dada, si ukurasa mmoja kama mimi. Kisha akaniuliza, "Aliyeandika hili ni muuguzi?"

"Ni mke wa kaka yangu."

"Ningekuwa na wagonjwa watano wenye mtu kama huyu, Alhamisi ningerudi nyumbani mapema. Sasa hii dawa ni dawa gani?"

"Hiyo ndiyo nataka wewe uniambie."

Akalifunga daftari. "Juzi Jumanne, kabla ya kutokwa, ulimeza nini?"

"Hakuna. Vidonge vya mgongo tu, vya dada yangu."

Akaweka kalamu chini. "Na hivyo, mama, si dawa?"

Maisha yangu yote dawa ni kitu cha hospitali au kitu cha mganga. Vile vilikuwa vidonge vya dada yangu, vilikuja kwenye bahasha yenye mwandiko wako, nilikuwa navihesabu kama salamu. Wifi aliviita kwa jina la kweli. "Si hiyo unayokula kila siku?" alinijibu, na alikuwa ananijibu kweli.

Daktari anasema si sumu, mwingine anavimeza na hana neno, ila mwenye ngozi kama yangu vinamwasha kama kiberiti. Amenipa kidonge cha mzio, kimoja kila asubuhi, na kingine cha mgongo kisicho cha ukoo ule. Mdomo ukivimba na pumzi ikabana, nisingoje Alhamisi, nikimbilie chumba cha dharura.

Sasa nakuuliza wewe. Tarehe nane nilikutumia ule ukurasa. Tarehe kumi ukaniandikia niache vidonge, eti tumbo. Tumbo langu halijawahi kuuma. Ulijua?

Kitinda


Tarehe 8 Mei

Kitinda,

Ndiyo.

Niliposoma ule ukurasa nilielewa, maana dukani tunaambiwa tuwaulize wateja kama ngozi zao zinakataa vidonge vya aina ile. Wewe sikukuuliza. Nilikuwa nakutoa moyoni, si kwenye rafu. Nilijua hapo tarehe kumi, si kabla, na siku hiyohiyo nilikuandikia uviache. Hilo angalau nilifanya.

Kwa nini sikumtetea wifi? Nitakuambia, na ukishajua unidharau utakavyo. Shemeji yako hajakusalimu tangu Desemba. Ameondoka, ana nyumba nyingine, na mimi nalala chumba cha nyuma cha duka, kati ya maboksi. Zile salamu nilizitunga mwenyewe. Kila nilipokuwaza wewe niliona lile dirisha, na kitanda changu kina mtu. Ulipoanza kumshuku sikuona ubaya. Nilisema moyoni, akiondoka, nitarudi nyumbani bila kumwambia mtu kwa nini.

Na kuna jambo jingine dogo, lakini ndilo linalonichoma. Miaka hii yote niko mbali, kitu pekee nilichokuwa nakupa kilikuwa vile vidonge. Kukiri kwamba ndivyo vilivyokuvimbisha, wakati yeye aliyekuja juzi ndiye aliyekuhesabia pumzi, nilishindwa.

Sina la kuongeza. Nimekuambia yote.

Dada yako


Tarehe 15 Mei

Kwa wifi yangu,

Barua yako ya kuniomba radhi nimeipata jana, Jumanne, saa sita mchana. Nimeisoma kwa sauti, shangazi akasikia, amesema umejitahidi.

Unaniuliza kwa nini sikukueleza mapema. Ningekueleza nini? Kwamba dada yako anakudhuru, mimi niliyefika na begi moja? Kwanza nilidhani ni samaki, ndiyo maana nikakupikia tena makusudi. Nikadhani ni sabuni, nikawa nafua shuka zako mwenyewe kwa sabuni ya kipande. Kila glasi ya maji uliyomezea nilikuwa naihesabu. Nilitaka nikiongea niwe na hakika, maana nafasi ya kuongea ningepata moja. Nilipoipata ukanikata, si neno, ulikuwa umeogopa. Daftari niliacha juu ya cherehani ili ulipeleke kwa daktari. Na lile la bibi harusi nilikosea, ningemjibu sijui.

Da Mkubwa usimlaumu kupita kiasi. Pengine hakukipata kile kikaratasi changu. Nilimwandikia mwezi wa tatu, nikakitia mfukoni mwa gauni lake la kitenge na kukibana kwa pini, ili asikikose. Nilimuuliza tu vile vidonge ni vya aina gani na kama vinaweza kuleta mabaka. Hakujibu, nikajua pini ilifunguka njiani.

Breki anasema nikitaka kurudi atanileta Jumapili. Nasema nitarudi ukiniambia mwenyewe, si kupitia kwake.

Vidonge vya mzio unameza saa ngapi? Niandikie.

Wifi yako


Tarehe 17 Mei

Dada Mkubwa,

Wifi anarudi Jumapili. Nilikwenda kwa shangazi yake mwenyewe, nikamwambia, tukanywa chai, hakunifanya nipige magoti japo nilikuwa tayari. Ngozi yangu haina kitu leo, ingawa juzi yalitoka mawili begani bila kuitwa. Daktari alisema yatafanya hivyo kwa muda.

Wewe njoo. Hutalala kati ya maboksi na mimi nina paa. Lakini chumba cha dirishani kina wenyewe, na kabati lako wifi ataweka nguo zake, zitabaki humo. Utalala na mimi, kitanda kile kinatutosha, tulilala watatu tukiwa wadogo.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kwa tarehe. Ile ya tarehe thelathini Machi, ya kushukuru gauni, ndiyo ya kwanza kuja bila vidonge. Ulisema vimeadimika. Ulisema ulilikung'uta gauni na hukuona kitu. Pini zile nazijua, ni zangu, hazifunguki.

Sitakuuliza. Ukija utanikuta nacheka, na chakula kitakuwa mezani. Ila chochote utakachonipa kwa mkono wako, hata kama ni peremende, nitakipokea, nitakushukuru, nitampa wifi akiandike kwanza.

Mdogo wako,
Kitinda